Bandi Kwenye Koti la Bwana Harusi

Niliwaacha, wasomaji wangu, nikiwa nimesimama katika uwanja wa ndege wa nchi ya watu, mjukuu wangu wa kike akiwa ameshika begi langu, na mtu niliyemchukia kuliko wote duniani akiwa amenikumbatia, analia begani kwangu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita, nitaeleza kwa ufupi. Mtu huyo tangu ujana tulimwita Subana, kwa kuwa hakuivua subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, kidoleni hata wakati wa kula. Tulifundishwa ushonaji na fundi mmoja, tukikaa kwenye benchi moja. Siku moja Subana aliisahau pasi ya mkaa juu ya koti la hakimu, na koti likaungua mgongoni. Fundi wetu alipouliza ni kazi ya nani, Subana hakusema neno. Alinitazama mimi. Akaendelea kunitazama mpaka watu wote wakanitazama.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Anayehitimu alivishwa futikamba, ule utepe wa kupimia, shingoni mbele ya wenzake, naye alisimama wima kama mlingoti. Anayefukuzwa alivuliwa futikamba hiyo mbele ya wenzake, naye aliinama.

Mimi nilivishwa, na baada ya koti lile nikavuliwa. Niliinama. Futikamba yangu akakabidhiwa Subana, kwa kuwa yake ilikuwa imechakaa.

Nikaenda kufundisha ushonaji katika shule ya ufundi. Nimelea watoto na wajukuu, na neno hilo sikumwambia yeyote, hata marehemu mke wangu. Kisha ukaja mwaliko: Subana, aliyefiwa na mkewe, anaoa tena huko ughaibuni alikohamia, na anataka niwe mpambe wake. Nilikubali siku ileile. Sikwenda kushangilia. Nilikwenda kumvua kitu mbele za watu kama nilivyovuliwa mimi, ila nilikuwa bado sijajua ni kitu gani.

Sasa tuendelee.

"Hujabadilika, ndugu yangu," Subana aliniambia huku akijifuta macho. "Bado unatembea kama mtu aliyemeza rula."

"Na wewe bado unaongea," nikamjibu.

Mjukuu wangu alicheka. Alidhani ni utani wa wazee.

Kesho yake Subana alitutembeza mjini. Tulivuka mto kwa daraja la mawe, tukapita chini ya matao yenye maduka ya vitabu na saa, tukafika kwenye uwanja mpana ambako watu walikaa kwenye ngazi wakila chakula kilichofungwa kwa karatasi. Mjukuu wangu alitazama majengo. Mimi nilitazama mabega ya makoti. Mji mzima ulikuwa umevaa makoti ya kiwandani, na kila bega lilikuwa limelala kama limeambiwa habari mbaya.

"Unaona nilivyokuta kazi huku?" Subana alisema, akifuata macho yangu. "Nilipofika nilisema, hawa watu wote wanahitaji kufumuliwa."

Nilikaribia kucheka. Nitasema kweli, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli katika gazeti hili: pale darajani, wakati wa kurudi, upepo ulivuma kutoka mtoni, naye akavua skafu yake akanifunga shingoni bila kuniuliza. Chuki yangu ilinipungua. Nilianza kufikiri kwamba labda uzee umemfanya mtu.

Ndipo akatupeleka kwenye karakana yake.

Ilikuwa katika mtaa wa mafundi, yenye kioo kikubwa mbele na cherehani zilizopangwa nyuma yake. Wafanyakazi wengi walikuwa watu wa kwetu waliohamia huko. Subana alipiga makofi.

"Jamani, simamisheni mashine. Mgeni wangu ndiye huyu."

Mwanamke mmoja wa makamo, mkata vitambaa, aliweka mkasi chini na kunitazama kwa furaha kubwa.

"Ndiye mwenyewe? Ndiye Mzee Pasi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Shikamoo, mzee," mkata vitambaa aliendelea, akinipa mkono kwa heshima zote. "Usitushangae. Sisi hapa tunakujua kuliko unavyojijua. Mtu akiunguza kitambaa, tunamwambia, wewe leo umeamkia kwa Mzee Pasi."

"Na koti la hakimu," fundi mwingine akadakia. "Eti lilikuwa na tundu la kutolea kichwa."

"Marahaba," nilisema. "Nimefurahi kufahamiana nanyi."

Subana alikuwa anakohoa. Aliniwekea mkono mgongoni, akanivuta kando. "Ni maneno ya karakana tu, ndugu yangu. Yanaanza kama mzaha, halafu hayana wa kuyazima. Usiyaweke moyoni."

"Nimeyaweka mahali pake," nikamjibu.

Nilipoinua macho, niliiona. Ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, imekunjwa vizuri kama nyoka aliyelala. Futikamba yangu. Niliitambua kwa uzi mwekundu niliokuwa nimeuzungusha kwenye ncha yake, bati lake lilipong'oka.

"Ile bosi alivishwa na fundi wake ujanani," mkata vitambaa alimweleza mjukuu wangu. "Hairuhusiwi kuguswa."

Subana alisikia. Hakusema kitu. Mtu huyu hunyamaza vizuri sana, huo ndio ufundi wake wa kwanza.

Tulipotoka nje, mjukuu wangu alinishika mkono. "Babu, kwa nini wanakuita Mzee Pasi?"

"Kwa kuwa nimenyooka," nikamwambia.

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu yule sitarudi nyumbani bila kumwadhiri.

Njia ya kumwadhiri aliniletea mwenyewe, mikononi mwangu.

Siku iliyofuata aliniita katika chumba cha nyuma cha karakana, akafunga mlango. Kwenye kitundikio cha mbao lilining'inia koti jeusi la harusi. Kitambaa kilikuwa kizuri, kifua kimekaa, ukosi umelala. Lakini halikuwa na mikono. Mikono ilikuwa mezani, imekatwa, inasubiri.

"Unakumbuka mwiko wa fundi wetu?" Subana aliuliza.

"Fundi hajishonei koti la harusi yake," nikasema.

"Wala hashonewi na aliye chini yake. Sasa nitazame. Hawa wote humu nimewafundisha mimi. Waliokaa benchi lile wamekwisha kufa, tumebaki mimi na wewe. Mwili wa koti ulishonwa na marehemu yule mwenzetu mfupi, alikuja kunitembelea kabla hajaugua. Mikono hakuiwahi." Alinyanyua mabega. "Ningemwomba nani?"

"Kwa hiyo hukuniita kwa ajili ya kunipenda."

"Nimekuita kwa yote mawili. Usinibane, bwana."

Akaniwekea mezani sindano, subana, na uzi wa aina mbili: uzi wa hariri wa kushonea, ukiwa bado umefungwa katika karatasi yake, na uzi wa pamba wa bandi.

"Sitaligeuza kulikagua," akaongeza. "Na mwiko huo pia unaukumbuka."

Niliukumbuka. Kwa fundi wetu, kuligeuza koti ulilotengenezewa na mwenzako ili uone mshono wa ndani kulikuwa ni kumtukana mwenzako hadharani.

Msomaji asiyejua ushonaji na anielewe hapa. Bandi ni mshono wa muda, mrefu na mlegevu, wa kushikiza kitambaa kisihame kabla hakijashonwa. Ukishashona kweli, bandi unaitoa. Mtoto mdogo anaweza kuivuta kwa kidole.

Nilikaa karibu na dirisha alasiri nzima. Nilipachika mikono yote miwili kwapani kwa bandi, na kwa bandi peke yake. Sikuigusa hariri. Kisha nilifunga bitana juu yake kwa mishono midogo mizuri ambayo hata fundi wetu angeisifu, lakini bitana nikaiacha na nafasi, isije ikayashika mabega. Kwa nje koti lilikuwa halina kasoro. Kwa ndani lilikuwa linasubiri tu.

Katika ualimu wangu nimewafumulisha wanafunzi kazi ya wiki nzima kwa mshono mmoja uliolegea. Wengine wananichukia mpaka leo. Siku ile nilishona ulegevu wenyewe, na niliushona kwa ustadi wote nilio nao.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mikono ikiwa chini, bandi itashika. Akisalimiana na watu, itashika. Akiinua mikono juu ya mabega, itaachia. Na nilikuwa nimekwisha kumwona bibi harusi, mkunga mstaafu, mwanamke mrefu aliyempita Subana kwa kichwa kizima. Ili amfunue shela, bwana harusi angelazimika kunyoosha mikono yote miwili juu, mbele ya wageni wake, wakata vitambaa wake na wakwe zake. Fundi mkuu wa mtaa wa mafundi angebaki na mikono ya koti imemning'inia viwikoni kama soksi.

Halafu wangemtafutia jina.

Nilirudi kwenye nyumba ya wageni nikala chakula changu chote.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nanyoa ndevu mjukuu wangu aliposimama mlangoni. Yeye huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, kama ilivyo kwa babu na mjukuu. Asubuhi ile aliniita kwa sauti iliyonifanya niweke wembe chini.

"Mume wangu."

"Sema, mke wangu."

"Nilikuwa nakupangia vitu kwenye begi." Alinyoosha kiganja. "Uzi wa hariri aliokupa Babu Subana ndio huu. Bado uko kwenye karatasi yake."

"Naona."

"Na kibao cha uzi wa bandi kimebaki kitupu."

"Naona pia."

Alikaa kitandani taratibu. "Ulisahau?"

"Mimi husahau?"

Alinitazama kwa muda. Huyu nimemfundisha mwenyewe kushika sindano kabla hajajua kusoma, na huo ulikuwa uamuzi ambao asubuhi ile niliujutia.

"Nilipokuwa mdogo ulinifumulisha gauni la mwanasesere nikalia mpaka nikapata homa," alisema. "Nikakuuliza, babu, nani ataona ndani? Unakumbuka ulichonijibu?"

"Lete taulo."

"Ulisema, mimi nitajua."

"Taulo, mke wangu."

Alinipa taulo. Nikamweleza yote: pasi, koti la hakimu, shingo niliyoiinamisha. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikukosea sana," alisema.

"Sana."

"Na bibi harusi, yeye kakukosea nini? Jana alinichukua jikoni kwake akanifungashia chakula. Aliniambia, mpe babu yako, naona anakonda kwa kunyamaza."

Nikachukua wembe tena.

"Nipe sindano," akasema. "Naenda kulishona mimi."

"Koti limekwisha kuchukuliwa."

"Basi naenda kumwambia."

"Nenda," nikasema. "Umwambie babu yako ni mtu wa namna gani. Anza hivyo hivyo, usifiche."

Alisimama mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa. Hakuufungua mlango. Nilijua hataufungua. Nilitumia mapenzi ya mtoto yule kumfunga mdomo, na niliendelea kunyoa.

Harusi ilikuwa katika ukumbi wa ghorofani, wenye meza ndefu na madirisha yanayotazama mto. Nilikaa kushoto kwa bwana harusi, mahali pa mpambe. Koti lilimkaa Subana kana kwamba amezaliwa nalo. Watu walilisifu. "Mikono ameishona rafiki yangu," aliwaambia wote, akinionyesha kwa kidevu. Mkata vitambaa alikuja kulitazama bega kwa karibu.

"Mzee, mkono umekaa kama umemwagwa," alisema. "Utanifundisha."

"Tutaona," nikasema.

Muziki ukaanza, wageni wakasimama, bibi harusi akaingia.

Hakuwa na shela.

"Kwa umri wangu huu nijifunike uso nimfiche nani?" aliwaambia wageni alipofika. "Huyu ameshaniona, nami nimeshamwona, na hakuna aliyekimbia."

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Subana alimshika mkono, chini kabisa, usawa wa kiuno. Bandi ikashika.

Nikasubiri. Alikula viwiko vikiwa vimebana mbavu, kama fundi wetu alivyotufundisha kula tukiwa tumevaa kazi ya mteja. Alipoinua glasi aliishia kidevuni. Mjomba wa bibi harusi alimwita wacheze, akasingizia magoti. Kila alipokumbatiwa, waliomkumbatia ndio walioinua mikono. Mjukuu wangu, meza ya pili, hakula kitu. Hakuyaondoa macho yake kwenye mabega yale.

Nilianza kuogopa kwamba koti lile lingefika nyumbani salama.

Ndipo Subana akasimama.

"Watu wa karakana yangu," alisema, "humwita rafiki yangu Mzee Pasi. Na mimi nimewaacha wamwite hivyo miaka yote. Leo nataka mjue ile pasi ilikuwa ya nani."

Niliiweka glasi yangu mezani.

Alilieleza jambo lote. Hakuficha kitu. Alieleza moshi ulivyopanda, fundi alivyouliza, na yeye alivyonitazama. "Sikusema uongo," alisema. "Nilimtazama tu. Nimegundua kwamba kutazama kunaweza kuwa uongo mkubwa kuliko wa mdomo. Nilipoamua kuoa tena, huyu mama aliniuliza, kuna jambo gani lako ambalo silijui? Nikamwambia hili. Akasema, basi mwite kwanza mwenye jambo lake, halafu ndio tuoane."

Mtu mmoja akapiga makofi, na wa pili, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Huo ndio uungwana," alisema jirani yangu wa kushoto, akijipangusa machozi.

Wasomaji wangu, mtanisamehe au msinisamehe. Sikuona machozi. Nilichokiona ni mtu aliyeunguza, akaficha, akaninyang'anya jina, na sasa anapigiwa makofi kwa hilohilo. Ukweli ule nilikuwa nimeubeba mimi. Nilikuwa nimesafiri nao ng'ambo ya bahari. Ameuchukua akauvaa, na umemkaa vizuri kuliko koti. Hata kisasi changu amekipokonya akakifanya sifa yake.

Mkata vitambaa alinijia ameinamisha kichwa. "Mzee, tusamehe. Hatukujua."

"Hamkujua," nikasema. Huyo nilimsamehe.

Lakini Subana alikuwa hajamaliza. Alipokea kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakifungua taratibu mbele ya watu. Fremu ilikuwa imekwisha kutolewa kioo. Akaishika futikamba mikononi, uzi mwekundu ukining'inia kwenye ncha yake.

"Njoo, ndugu yangu," alisema. "Nikuvishe kilicho chako, mbele za watu, kama ulivyovuliwa mbele za watu."

Nilisimama kabla sijajijua. Nilizunguka meza, nikafika mbele yake. Ndipo nilipoona jambo ambalo katika hesabu zangu zote sikulihesabu.

Mimi ni mrefu. Uzee, ambao umemfupisha Subana, mimi umeniacha nilivyo. Ili anivishe futikamba shingoni, lazima ainue mikono yote miwili juu ya mabega yake.

"Inama kidogo," alininong'oneza, akitabasamu kwa machozi. "Siku hizi sikufikii."

Anayevishwa husimama wima. Anayevuliwa ndiye huinama. Nikiinama, mikono yake haitapanda, bandi itashika, kesho nitalishona koti lile kwa hariri na hakuna atakayejua. Nitakuwa nimeinama mara ya pili mbele ya watu, na mara hii kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nikisimama wima, nimepata vyote viwili nilivyovijia: futikamba yangu, na aibu yake.

Bibi harusi alikuwa akinitazama, viganja vyake vimeshikana kifuani.

"Babu," ilikuwa sauti ya mjukuu wangu nyuma yangu, ndogo, ya yule mtoto wa gauni la mwanasesere. "Inama."

Mikono ya Subana ikaanza kupanda. Bega la kushoto la koti likavutika kidogo. Hakuna mwingine aliyeliona, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelishona. Nilisikia uzi wa kwanza ukikatika.

Shingo yangu ilikuwa bado wima.